Samaki Afaye Njaa Mbele ya Chakula: Habari za Kufuga Farasi wa Bahari

Leo twataka kusema habari za samaki mmoja ambaye umbo lake halifanani na samaki, na kulisha kwake ni kazi kubwa kuliko kumlisha mtoto mgonjwa. Jina lake ni farasi wa bahari. Wavuvi wengi wa pwani wamekwisha kumwona akinaswa katika nyavu pamoja na uduvi na majani ya bahari, na watu wa bara wamemwona katika picha. Kichwa chake ni kama cha farasi, mkia wake hujikunja kama wa kinyonga, naye husimama wima majini kana kwamba ni kete ya mchezo wa sataranji. Mtu amwonapo mara ya kwanza hutamani kumtia katika tangi la kioo na kumweka sebuleni au darasani, apate kumtazama kila siku.

Wengi wamefanya hivyo katika nchi nyingi, na mara nyingi mwisho wake umekuwa mmoja. Majuma machache yakapita, samaki akakonda, akaacha kushika majani, akafa. Mwenyewe akashangaa, maana maji yalikuwa safi na chakula kilitiwa kila asubuhi. Kumbe samaki yule alikufa kwa njaa, na chakula kilikuwa mbele ya macho yake.

Basi tutaeleza kwanza sababu ya jambo hilo, kisha tutaeleza afanyeje yeye atakaye kumfuga. Neno letu kwa kifupi ni hili: mtu afuge kwanza chakula cha farasi wa bahari, na akiweza kukifuga ndipo amlete samaki mwenyewe. Mfugaji mwenye akili hanunui ng'ombe kabla ya kujua malisho yako wapi.

UMBO LAKE

Farasi wa bahari ni samaki halisi. Huvuta pumzi kwa mashavu kama samaki wengine, ana mapezi, na ana uti wa mgongo. Walakini hana magamba. Ngozi yake imetandwa juu ya pingili za mfupa zilizoungana kama pingili za muwa, hata mtu amshikapo humwona mgumu. Aina zake duniani zimepita 40. Walio wakubwa kabisa hupita urefu wa sentimita 30, na walio wadogo kabisa hawafiki sentimita 3. Aina kadha wa kadha huishi katika pwani ya Kenya na Tanzania, mahali penye majani ya bahari, mwani na matumbawe.

Mkia wake hauna pezi mwishoni, kwa kuwa kazi yake ni kushika. Huuzungusha katika jani au kijiti, akakaa papo hapo, mkondo usimchukue. Pezi la kumwendesha ni moja dogo la mgongoni, nalo hupiga mara 35 hivi kwa sekunde moja. Na mapezi mawili madogo yaliyo karibu na kichwa humsaidia kugeuka. Ingawa pezi lake hupiga kwa haraka namna hiyo, mwendo wake ni wa polepole sana, wala hawezi kushindana mbio na samaki wengine.

Uzazi wake nao ni wa ajabu. Mama hutia mayai katika kifuko kilicho tumboni mwa baba, na baba ndiye achukuaye mimba. Baada ya majuma mawili, matatu, manne au zaidi, kwa kadiri ya aina yake na joto la maji, baba huzaa watoto. Aina nyingine huzaa makumi, nyingine mamia, na nyingine hupita 1,000 kwa mara moja. Tangu saa ile wazazi hawawaangalii tena. Kila mtoto, naye ni mdogo kama kipande cha uzi, sharti ajitafutie chakula siku hiyo hiyo aliyozaliwa.

KWA NINI NI VIGUMU KUMLISHA

Sababu ni nne, nasi yafaa tuzishike vema, maana kazi yote ya kumfuga imetoka katika sababu hizo.

Sababu ya kwanza ni mdomo wake. Mdomo wa farasi wa bahari ni mrija mwembamba usio na meno. Hawezi kuuma, hawezi kutafuna, wala hawezi kuchana nyama. Huweza kufyonza tu. Basi kila kitu kilicho kikubwa kuliko tundu la mrija wake, kwake yeye si chakula, hata kikiwa kizuri namna gani.

Sababu ya pili ni kwamba hana tumbo la kuwekea chakula. Sisi tulapo, chakula hukaa kwanza tumboni saa kadha kikisagwa, ndipo kishuke katika utumbo kidogo kidogo. Farasi wa bahari ana utumbo tu. Chakula hupita upesi, na pengine hutoka nje kabla ya kuchukuliwa nguvu zake zote. Kwa hiyo yampasa ale kidogo kidogo na mara nyingi. Samaki wengine wa tangini huweza kulishwa mara moja kwa siku, na hata wakikosa siku moja hawadhuriki sana. Huyu hana akiba. Akilishwa asubuhi tu, hushinda na njaa mpaka kesho.

Sababu ya tatu ni namna yake ya kuwinda. Hafukuzi kitu. Hujifunga mkia mahali, akatulia kama jani, akageuza macho yake huku na huku. Jicho moja hutazama mbele na la pili nyuma, kama macho ya kinyonga. Mdudu mdogo wa maji apitapo karibu, farasi huinamisha kichwa pole pole, kisha kwa ghafula hukirusha juu na kumfyonza, kwa muda wa sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Macho yake yamezoea kutafuta kitu kilicho hai, kinachotikisika. Kitu kilichokufa, kilicholala chini, hakitambui kuwa ni chakula. Ndiyo maana mtu akimwagia unga wa samaki au vipande vya kamba aliyepikwa, farasi huvitazama tu, na vyenyewe huoza chini na kuharibu maji.

Sababu ya nne ni upole wake. Akiwekwa pamoja na samaki wepesi, wao hula chakula chote kabla hajakiinamia. Mwenye tangi huona chakula kimekwisha, akadhani wote wameshiba.

Na juu ya hayo manne, njaa yenyewe huzaa njaa. Samaki akikosa siku kadha hupungukiwa na nguvu, akawa hana tena wepesi wa kurusha kichwa. Akikosa windo mara mbili tatu huacha kujaribu. Hapo hata akiletewa chakula hai kwa wingi, pengine hali. Kwa hiyo kumponya aliyekwisha konda ni kazi ngumu kuliko kumzuia asikonde.

TANGI NA MAJI

Sasa tuseme habari za nyumba yake. Nyumba sharti iwe ya kioo, na yenye kimo. Kwa kuwa farasi wa bahari husimama, na wakati wa kujamiiana mume na mke hupanda juu pamoja, kimo cha maji kisipungue mara tatu ya urefu wa samaki akiwa amenyoshwa mkia. Jozi moja ya aina ya kati yataka lita 110 hivi, yaani maji ya madebe sita. Aina moja ndogo sana, iliyo asili ya Florida, Bahamas na Ghuba ya Mexico, haipiti urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, nayo hutoshewa na lita 20. Lakini mtu asidhani kwamba debe lenyewe lafaa: maji ya chumvi hula chuma, na madini kama shaba huwaua wadudu wadogo wa maji hata yakiwa kidogo sana.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Mtu aliye bara asitie chumvi ya jikoni, kwa maana chumvi ya bahari ina mchanganyiko wa madini mengi, na ile ya jikoni karibu yote ni ya namna moja. Iko chumvi iliyotengenezwa makusudi kwa matangi ya samaki, nayo ndiyo ifaayo. Aliye pwani huweza kuchota maji ya bahari mahali safi, mbali na bandari, na midomo ya mito, na mifereji ya maji machafu.

Liko jambo moja ambalo wanaoanza husahau. Maji hupaa kila siku kwa joto, lakini chumvi haipai, hubaki. Kwa hiyo tangi likipungua, usiongeze maji ya chumvi, ongeza maji matamu. Ukiongeza ya chumvi kila mara, baada ya mwezi maji yatakuwa makali kupita bahari. Tia alama kwenye kioo siku ya kwanza, na kila asubuhi rudisha maji mpaka alama ile.

Katika chombo kidogo liko adui lisiloonekana, nalo ni sumu itokayo katika mavi ya samaki na mabaki ya chakula, iitwayo amonia. Baharini sumu hiyo huenea na kupotea. Katika tangi hukusanyika. Dawa yake ni bakteria wema wakaao juu ya mawe na mchanga: kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali mwingi. Naitreti hupunguzwa kwa kubadili sehemu ya maji, tuseme sehemu moja ya kumi kila juma. Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Tangi jipya huchukua majuma manne hadi sita kabla hawajawa wengi wa kutosha. Majuma hayo si ya kupotea bure, kama tutakavyoona, maana ndiyo wakati wa kuandaa chakula.

Joto nalo lina kiasi chake. Kwa aina nyingi za nchi za joto, nyuzi 22 hadi 25 za sentigredi zafaa. Pengine mtu atauliza: bahari yetu hufika nyuzi 28 wakati wa kaskazi, nao humo huishi, mbona katika tangi wasiishi? Jibu ni kwamba bahari ni kubwa. Katika tangi dogo lenye mabaki ya chakula, joto likizidi bakteria waovu huongezeka upesi, nao humwingia farasi kwenye ngozi na mkia. Basi tangi liwekwe mahali pa kivuli, mbali na dirisha lenye jua, na wakati wa joto kali uso wa maji upepewe kwa feni, maana maji yapaayo huondoka na joto.

Ndani yake tia vitu vya kushika mkia: majani ya bahari, mwani, au vijiti visivyo na ncha kali. Mkondo uwe wa polepole. Usitie matumbawe yawashayo, wala kaa, maana kaa hubana mkia wa farasi kwa gando lake. Konokono wadogo wafaa, kwa kuwa hula uchafu na hawashindani naye.

GHALA LA CHAKULA

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Baharini farasi hula wadudu wadogo wa jamii ya kamba: uduvi, na wengine wadogo zaidi warukao kama viroboto wa majini. Mtu aliye mbali na bahari hawezi kuwapata hao kila siku. Lakini yuko mmoja afugikaye mahali popote, jina lake artemia.

Artemia ni kijikamba cha maziwa ya chumvi kali. Mayai yake huweza kukauka kama mchanga yakabaki na uhai kwa miaka, mradi yawekwe katika kopo lisiloingia unyevu. Mengi huvunwa katika Great Salt Lake, huko Utah, Marekani. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili, Seale wa Marekani mwaka 1933 na Rollefsen wa Norwei mwaka 1939, walionyesha kwamba watoto wa artemia ni chakula chema cha watoto wa samaki. Na tangu hapo wafuga samaki duniani kote wamewatumia. Katika miaka ya 1980 artemia walipandwa pia katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, upande wa Malindi.

Kuwaangua si kazi ngumu. Twaa chupa ya lita moja, tia maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi, na mayai nusu kijiko cha chai. Weka mahali penye mwanga na joto la nyuzi 25 hadi 28, na pitisha mrija wa hewa mpaka chini, ili maji yachemke kwa mapovu na mayai yasitulie. Baada ya siku moja au moja na nusu watoto hutoka, nao hawafiki urefu wa nusu milimita. Zima hewa, acha maji yatulie dakika kumi. Maganda huelea juu, mayai mabovu huzama, nao watoto hufuata mwanga. Basi weka taa upande mmoja, na uwavute kwa mrija mahali walipokusanyika. Wasafishe kwa maji safi katika kitambaa chembamba. Maganda yasiingie tangini, maana huziba utumbo wa farasi wachanga.

Weka chupa mbili, moja ianze leo na ya pili kesho, ili kila siku pawe na chupa iliyo tayari. Desturi hii ndogo ndiyo itofautishayo aliye na chakula kila siku na aliye nacho siku moja moja.

Lakini kuna hatari iliyofichika, nayo imewadanganya wengi. Mtoto wa artemia huzaliwa na kiini chake cha chakula mwilini, kama kifaranga. Siku ya kwanza ana nguvu za kumpa samaki. Baada ya hapo kiini hupungua, naye hubaki mfano wa punje iliyo pepe: samaki humla, tumbo likajaa, mwili usipate kitu. Kwa hiyo watoto wa artemia ama waliwe siku ile ile, ama walishwe wenyewe kabla ya kuliwa. Hulishwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, au mafuta ya samaki yaliyochanganywa vema na maji, kwa saa 12 hadi 24. Hivyo artemia huwa kama kikapu: alichokula yeye ndicho atakachokipata farasi.

Watoto hao wawatosha farasi wachanga na ile aina ndogo ya Florida. Mkubwa hawezi kushiba kwa vitu vidogo hivyo. Hutumia nguvu nyingi kuliko apatazo. Yeye apewe artemia waliokua, ambao kwa malezi mema hukua kwa majuma mawili au matatu, wakila mwani au pumba za mchele zilizosagwa laini na kuchujwa. Hao nao wapewe chakula cha mwani au mafuta kabla ya kuliwa. Bora kuliko hao ni uduvi hai wa saizi iingiayo katika mrija. Aliye karibu na bahari huweza kuwavua kwa chandarua laini na kuwaweka siku chache katika chombo chenye hewa. Akiwaweka muda mrefu sharti awalishe nao, maana uduvi wa aina hiyo wakiona njaa hula watoto wao wenyewe.

JARIBIO LA SIKU THELATHINI

Tumesema kwamba tangi jipya hungoja majuma manne hadi sita. Wakati huo mtu ajipime. Atwae karatasi, achore vyumba 30, na kila siku aliyo na chakula hai cha kutosha, tayari kwa kuliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, atie alama. Siku ambayo chupa haikuangua, au mayai yamekwisha, au alikuwa safarini, auache mtupu. Mwisho wa mwezi ahesabu vyumba vitupu. Kila kimoja ni siku ambayo farasi wake angeshinda na njaa.

Kwa shule swali hili ni kubwa zaidi. Nani atakayelisha siku ya Jumapili? Nani atakayebaki wakati wa likizo? Kama jibu halikupatikana kabla, samaki ndiye atakayelipa. Walakini shule yaweza kufuga artemia peke yao, na wanafunzi wakajifunza mengi: jinsi yai kavu linavyorudi kuwa hai, jinsi kiumbe kinavyokua, na jinsi chumvi inavyobaki maji yapaapo. Hata wasipomleta farasi kabisa, somo halikupotea.

KUMKARIBISHA NA KUMZOEZA

Mtu akifaulu jaribio lile, na maji yakiwa hayana amonia wala naitraiti, ndipo achague samaki. Siku hizi wako farasi wa bahari waliozaliwa na kulelewa katika matangi. Hao ni bora kuliko waliovuliwa, kwa sababu wamekwisha kuzoea kula uduvi waliokufa na kugandishwa kwa barafu. Aliyetoka baharini hajui chakula cha namna hiyo, wala hajui kukaa ndani ya kioo; wengi wao hufa mapema.

Kabla ya kumtwaa, omba kumwona akila. Mtazame tumbo: liwe limenyoka au limetokeza kidogo. Likiwa limebonyea kati ya pingili, huyo amekwisha kuona njaa. Mtazame mkia: ushike kitu kwa nguvu. Mtazame macho: yageuke na kufuata vitu.

Siku za kwanza mpe chakula hai. Akizoea mahali pake, changanya uduvi wachache waliokufa, waliokwisha yeyuka barafu na kusafishwa, pamoja na walio hai. Watie mbele ya mkondo wa polepole ili wapite wakitikisika. Jicho lake litawadhani ni hai. Siku hata siku zidisha waliokufa na upunguze walio hai. Wengine hujifunza kwa juma moja, wengine kwa mwezi, na wengine hawajifunzi kabisa; hao watakula chakula hai maisha yao yote. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka ni mauti.

Farasi mkubwa alishwe mara mbili au tatu kwa siku, na wachanga wawe na chakula mbele yao karibu mchana kutwa. Wafugaji wengine huweka chakula katika kombe au kisahani mahali pamoja, na farasi hujifunza kuja hapo. Baada ya saa moja ondoa mabaki kwa mrija, maana chakula kingi katika chombo kidogo huleta kuoza, na kidogo huleta njaa. Mlishaji yu kati ya mambo hayo mawili kila siku. Asilishe na kwenda zake. Akae atazame, ahesabu kila farasi amefyonza mara ngapi. Kuona chakula kimepungua si kuona samaki amekula.

JE, YAFAA KUMFUGA?

Kufuga viumbe vya bahari katika kioo si jambo la jana. Mwaka 1853 nyumba ya kwanza ya namna hiyo kwa watu wote ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kazi hiyo. Watu wakaipenda mno, wakamiminika pwani na ndoo zao. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa huzuni kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni, vilivyokuwa vimejaa uhai, vilikuwa vimeharibiwa na wakusanyaji. Watu hao hawakuwa wabaya. Walipenda walichokiona, nao kila mmoja akachukua kidogo.

Farasi wa bahari yu katika hatari kama hiyo na kubwa zaidi. Nyavu za kukokota humzoa pamoja na kamba, majani ya bahari hung'olewa, na katika miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba farasi wa bahari milioni 20 au zaidi walikuwa wakiuzwa kila mwaka, walio wengi wakiwa wamekaushwa kwa ajili ya dawa za Kichina. Kwa sababu hiyo mwaka 2002 nchi za mkataba wa biashara ya wanyama na mimea, uitwao CITES, zilikubaliana kuwatia aina zote za farasi wa bahari katika orodha ya wale ambao biashara yao ya kuvuka mipaka huongozwa kwa hati za serikali. Na amri hiyo ilianza kutumika Mei 2004.

Basi twajibu hivi. Aliye na tangi lililokomaa, na ghala lisilokatika, na saa za kukaa na kutazama, amfuge, tena aliyezaliwa tangini. Ambaye karatasi yake ya siku 30 ina vyumba vitupu, asimtwae. Naye akaaye pwani ana njia nyingine isiyo na gharama: wakati wa maji kupwa, aende polepole penye majani ya bahari, ainame, atazame kwa subira. Akimwona farasi amejifunga mkia katika jani, atamwona akigeuza macho, akiinamisha kichwa, akifyonza, kisha akingoja tena. Amtazame kadiri apendavyo, amwache pale pale, maana pale ghala lake limejaa na hana haja ya mtu wa kumlisha.